Mteja wa Mikate Miwili

Nyumba yetu ina vyumba vinne na uwa katikati. Upande mmoja wa uwa kuna chumba cha tanuri, ambamo mume wangu huoka mikate. Upande wa pili kuna chumba changu cha kushonea. Dirisha langu linatazamana na dirisha lake la kuuzia. Nikiinua kichwa kutoka kwenye cherehani, namwona. Kwa miaka kumi na mmoja niliona hiyo ni bahati. Kisha ikaja miezi miwili ambayo dirisha lile lilikaribia kunitia wazimu.

Nitakueleza yote, sitaficha kitu. Mimi ni mtu wa wivu. Nalisema mwenyewe mapema, kabla wifi yangu hajakwambia, maana yeye akisimulia hutia chumvi.

Mume wangu mtaani wanamwita Tanuri, kwa sababu muda wote yuko karibu na moto. Huamka saa kumi alfajiri. Hukanda unga, huuacha uumuke, kisha huoka. Ikifika saa kumi na mbili, mikate ya kwanza iko kwenye rafu. Mimi huamka na watoto. Wakishakwenda shule, nakaa kwenye cherehani hadi jioni. Nashona sare, nabana suruali, nabadilisha zipu. Vipande vya bitana, kile kitambaa cha ndani ya koti na sketi, vilipobaki, sikuvitupa. Nilijishonea chupi. Bitana ni nailoni, inateleza vizuri, na haikugharimu kitu. Nilijiona mjanja sana.

Mambo yalianzia kwenye jino. Shavu lilivimba hadi jicho likawa dogo. Daktari wa meno aliling'oa, akanipa vidonge vya kuua bakteria. Vilikuwa vya rangi mbili, nyekundu na nyeusi.

"Umalize dozi yote," alisema. "Usiache katikati hata ukijisikia vizuri."

Nilimaliza. Jino likasahaulika. Lakini haikupita wiki, nikaanza kuwashwa. Na kuwashwa kwenyewe kulikuwa pale ambapo mtu hawezi kujikuna mbele ya wateja. Kulikuwa ukeni. Kisha ukaanza kutoka uchafu mweupe, mzito, kama maziwa yaliyoganda. Haukuwa na harufu mbaya. Nikienda kukojoa, nilihisi kama nimepakwa pilipili.

Sasa sikiliza jinsi nilivyofikiri.

Wiki hiyohiyo ndipo nilipomwona vizuri mteja mmoja wa mume wangu. Alikuwa mwanamke mrefu, mwenye sweta la bluu na mkoba mkubwa begani. Alifika kila siku saa mbili asubuhi. Kila siku alinunua mikate miwili. Sikujua jina lake, basi nikampa la kubuni, nikamwita Mikate Miwili.

Wateja wengine walipewa mkate kutoka kwenye rafu. Mikate Miwili hakupewa wa kwenye rafu. Mume wangu aliingia ndani, akamletea ya moto. Mimi mkewe nilikuwa nakula uliobaki jana. Kisha yule mama aliegemea dirisha wakaongea. Mume wangu alicheka. Mtu ambaye kwangu asubuhi husema maneno matatu tu, "Chai iko wapi?", kwa yule mama alikuwa na maneno ya kumimina.

Wifi yangu anakaa nyumba ya pili. Nilimuuliza, kwa sauti ya mtu asiyejali.

"Wifi, yule mama wa sweta la bluu ni nani?"

"Simjui," alisema. "Ila naona kaka yangu anamchagulia mkate kama anamchagulia mchumba."

Alikuwa anatania. Wifi hawezi kupita bila kutania. Lakini maneno yale yaliniingia, yakakaa.

Siku mbili baadaye nilimwona mume wangu akijikuna. Aliingiza mkono chini ya aproni, akakuna kiuno kwa nguvu, huku amefumba macho. Mimi nawashwa. Yeye anawashwa. Na kila asubuhi kuna mwanamke dirishani. Akili ya mwenye wivu hushona haraka kuliko cherehani, na haipimi kabla ya kukata. Siku hiyohiyo nilimaliza gauni zima. Mume wangu ana mwanamke. Mwanamke ana ugonjwa. Ugonjwa umeletwa nyumbani kwangu.

Je, nilimuuliza? Sikumuuliza. Niliona aibu. Niliamua kujitibu kimya kimya, halafu nimwache.

Nilinunua sabuni yenye manukato makali. Nikawa naoga mara tatu kwa siku, na nikajiosha hadi ndani. Sabuni iliposhindwa, nilichanganya maji na ile dawa ya kuulia vijidudu tunayosafishia choo. Nilijiosha nayo. Iliniunguza mpaka machozi yakanitoka. Nilijipa moyo kuwa dawa kali ndiyo inayofanya kazi.

Haikufanya kazi. Nilikuwa nakaa kwenye kiti cha cherehani kama mtu aliyekalia siafu. Nilishona mfuko wa shati ndani nje. Nilishona mkono wa kulia kushoto.

Wifi alinikazia macho.

"Wifi, una nini wewe?"

"Kuna kitu nimeletewa," nilimjibu.

"Kitu gani?"

"Ugonjwa wa kike. Usiniulize zaidi."

Hakuuliza zaidi. Alikwenda kwake, akarudi na karatasi ndogo. Ndani kulikuwa na vidonge sita, nusu nyekundu, nusu nyeusi.

"Hivi vilinibaki nilipokohoa," alisema. "Ni vikali. Vinamaliza kila kitu."

Nilivijua. Vilikuwa vilevile vya jino. Nilivimeza vyote kwa siku mbili. Siku ya tatu kuwashwa kuliongezeka maradufu. Ngozi ya nje ilivimba, ikawa nyekundu, ikaanza kupasuka.

Nilihamia chumba cha watoto. Nilimwambia mume wangu kuwa mdogo anaota vibaya. Naye akaanza kubadilika. Uso ulikunjamana. Jioni moja alisimama mlangoni kwangu, mikono imejaa donge la unga.

"Hiyo sabuni mpya umenunuliwa na nani?"

"Nimejinunulia."

"Siku hizi unaoga mara tatu. Kuna mahali unakwenda?"

"Wewe ndiye useme unakwenda wapi."

"Mimi? Mimi nakwenda kwenye tanuri na kurudi."

Nikamgeuzia mgongo. Nilijisemea kuwa mwenye kosa ndiye mkali. Fundi anayetengeneza mashine za kushonea alipokuja kutia oili cherehani yangu, mume wangu alitoka kwenye unga wake. Alisimama mlangoni mpaka yule fundi alipofunga sanduku lake na kuondoka. Niliona ni vituko tu. Fundi yule hujipaka marashi hadi kitambaa kinanukia, lakini mimi nilikuwa na wivu wangu mwenyewe wa kulea, sikuwa na nafasi ya kuona wa mwingine.

Ijumaa niliamua. Jumamosi ningekwenda kwa dada yangu pamoja na watoto. Cherehani ndiyo mkono wangu, nisingeiacha. Nililegeza skrubu mbili, nikatoa kichwa cha cherehani mezani, nikakifunga kwa shuka. Ule mkanda wa ngozi unaozungusha gurudumu niliukunja nikauweka juu yake. Kisha nikaenda kuwapikia watoto.

Jumamosi asubuhi mkanda haukuwepo.

Nilitafuta chini ya meza, nikatafuta kwenye kapu la vipande. Cherehani ya miguu bila mkanda ni meza tu. Nilivuka uwa nikiwa nimefura kwa hasira.

"Umechukua mkanda wangu."

"Mkanda gani?" alisema. Alikuwa anakanda, hakuinua macho.

"Unajua mkanda gani. Unataka nisifanye kazi nife njaa, ili umlete wako wa sweta la bluu?"

Mikono yake ilisimama ndani ya unga.

"Nani?" aliuliza.

Niligeuka ili niondoke, nikahisi ngozi inachanika. Maumivu yalinifanya nishike ukuta. Nilipokwenda bafuni niliona damu kidogo kwenye chupi. Hapo hasira ilinitoka yote, ikabaki hofu. Nilikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, nikalia.

Wifi ndiye aliyenikuta.

"Sasa basi," alisema. "Maji yamezidi unga. Unatembea kama bata. Twende kituo cha afya, na leo sitaki maneno."

Kituo cha afya ni mwendo wa dakika kumi. Mimi nilitumia ishirini. Tulipewa kadi, tukakaa kwenye benchi refu, wifi akiniegemeza. Jina langu lilipoitwa, niliingia chumba namba nne peke yangu.

Nyuma ya meza alikaa muuguzi mwenye gauni jeupe. Sweta la bluu lilining'inia kwenye kiti chake.

Nilitaka kutoka. Mkono wangu ulikuwa bado kwenye kitasa.

"Karibu, dada," alisema Mikate Miwili. "Kaa. Au simama, kama kukaa kunauma."

"Nataka muuguzi mwingine."

"Mwingine yuko likizo mpaka mwezi ujao. Mwezi uliopita wote nilikuwa zamu ya usiku, wodi ya wazazi. Tangu jana nimehamishiwa mchana."

Alinitazama vizuri.

"Nakufahamu," alisema. "Wewe ni wa dirisha la cherehani."

"Na mimi nakufahamu," nilisema. "Wewe ni wa dirisha la mikate."

Nikamtolea uvivu. Nilimwambia kuwa ugonjwa nilio nao umetoka kwake. Nilimwambia kuwa mume wangu ndiye aliyeubeba. Niliyasema huku nimesimama, na nilijisikia vizuri kwa muda wa kama nusu dakika.

Hakukasirika. Aliweka kalamu chini.

"Nimesikia," alisema. "Nina mume wangu, na kwa mumeo nanunua mikate tu. Hilo ndilo jibu langu. Unaweza usiliamini. Lakini hata ningekuwa mwizi wako, wewe bado unaumwa. Nani atakupima?"

Niliachia kitasa.

Aliniuliza maswali mengi, polepole. Kuwashwa kulianza lini? Uchafu una rangi gani? Una harufu? Una maumivu chini ya kitovu? Una homa? Siku zako za mwezi zilikuwa lini? Una mimba?

"Sina," nilisema.

"Tutahakikisha, maana kuna dawa ambazo mjamzito hapewi. Umetumia dawa gani karibuni?"

Nilimweleza za jino. Nikamweleza za wifi. Nikamweleza sabuni ya manukato, na kwa sauti ndogo nikamweleza dawa ya choo.

"Ndani?" aliuliza.

"Ndani."

Alivuta pumzi, lakini hakunikaripia. Alivuta pazia, akavaa glavu, akanipima. Alieleza kila alichotaka kufanya kabla hajakifanya. Alichukua uchafu kidogo kwa kijiti chenye pamba, akaupeleka maabara ukaangaliwe kwa darubini. Aliniomba ruhusa kupima mkojo, sukari, na magonjwa ya zinaa.

"Hayo ya zinaa pia?" niliuliza.

"Hayo pia. Umekuja na shaka. Shaka huondolewa na kipimo."

Nilikaa kwenye benchi na wifi karibu saa nzima. Nilipoitwa tena, nilimkuta ameshika karatasi ndogo ya majibu. Ndani ya karatasi ile kulikuwa na ndoa yangu.

"Huna mimba. Sukari iko sawa. Magonjwa ya zinaa hayakuonekana," alisema. "Una fangasi."

"Nimeambukizwa na nani?"

"Subiri kwanza. Mumeo anapokanda unga, anatia nini ili uumuke?"

"Hamira."

"Hamira ni nini?"

"Ni unga fulani."

"Ni vijidudu hai," alisema. "Ni aina ya fangasi. Ukivipa joto, maji na sukari, vinaongezeka, na donge linaumuka. Si kweli?"

Nilikubali. Nimeona donge likimwagika nje ya beseni siku za joto.

"Sasa, kuna fangasi wa ukoo huohuo, ingawa si wale wa mkate. Wanaishi katika miili ya watu wengi. Wamo kinywani, tumboni, na hata ukeni. Wakiwa wachache hawana shida. Hujui hata kama wapo. Nani anawazuia wasiongezeke?"

"Sijui."

"Bakteria wazuri. Nao wanaishi humohumo, kazi yao ni ulinzi. Zile dawa za jino zilikuwa sawa, ulizihitaji. Ziliua bakteria wa jino. Lakini dawa haichagui vizuri. Iliua na walinzi. Fangasi haiwaui kabisa. Wakabaki peke yao, kwenye joto na unyevu, wakaumuka."

Nilisahau hata kuwa kukaa kunauma.

"Na zile za wifi?" niliuliza.

"Walinzi walikuwa wameanza kurudi. Ukawaua mara ya pili. Dawa ya kuua bakteria haitibu fangasi, inawapa nafasi. Na dawa iliyobaki kwa mtu mwingine haikuwa yako tangu mwanzo."

"Na kujiosha?"

"Uke hujisafisha wenyewe. Sabuni ndani, manukato, dawa ya choo, vyote vinachubua ngozi na kufukuza walinzi. Hiyo damu imetoka kwenye ngozi uliyoiunguza na kuikuna." Kisha akanyoosha kidole kwenye kiti nilipokuwa nimeweka nguo zangu wakati wa kupimwa. "Na ile chupi uliyovaa, ya kitambaa gani?"

"Bitana," nilisema. "Nailoni. Nilijishonea mwenyewe."

"Na unakaa kwenye kiti siku nzima?"

"Siku nzima."

"Basi umejishonea beseni la kuumulia unga," alisema, na kwa mara ya kwanza alitabasamu. Nilicheka pia. Nilikasirika kwamba nimecheka.

"Kwa hiyo mume wangu hakuniletea," nilisema.

"Fangasi hawa si ushahidi kwamba mtu ametoka nje ya ndoa. Hata msichana ambaye hajawahi kulala na mwanamume huwapata. Mjamzito huwapata. Mwenye kisukari huwapata."

"Lakini yeye naye anajikuna. Nimemwona. Anajikuna kiunoni."

"Kiunoni wapi?"

"Pale anapofunga kamba ya aproni."

"Mwambie aje nimwone. Simtibu mtu kwa kusimuliwa na mkewe."

Alinipa vidonge sita vya kuweka ukeni, na krimu ya kupaka nje.

"Sikiliza vizuri," alisema. "Hivi si vya kumeza. Nawa mikono. Ukilala, weka kimoja ndani kabisa. Usiku sita, vidonge sita. Siku ya pili au ya tatu utasikia nafuu. Usiache, maliza vyote. Kwa siku hizo usikutane na mumeo, upumzike. Nje osha kwa maji safi tu, ujikaushe. Ukitoka chooni, jifute kutoka mbele kwenda nyuma. Na ujishonee chupi za pamba, zisibane."

"Na mume wangu atumie?"

"Akiwa hawashwi huko, hana haja. Usipopona ndani ya wiki, rudi. Ukipona halafu ikarudi tena na tena, rudi pia, tutafute sababu."

Nilikuwa nimeshasimama. Akaongeza neno.

"Usiende ukawaambia wenzako kwamba kila anayewashwa ana fangasi. Uchafu ukiwa wa manjano au wa kijani, ukinuka kama samaki, ukiwa na maumivu chini ya kitovu, au homa, au vidonda, huo unaweza kuwa ugonjwa mwingine. Mengine ni ya zinaa, na hapo wote wawili hupimwa na kutibiwa. Kwa macho huwezi kujua. Waambie waje wapimwe."

Nilifika mlangoni, nikageuka. Sikuweza kujizuia.

"Mnachekea nini na mume wangu kila asubuhi?"

"Muulize yeye," alisema. "Ya dirishani siyaleti humu, na ya humu siyapeleki dirishani."

Njiani wifi hakutania hata kidogo. Tulipokaribia nyumbani alisema, "Vile vidonge vyangu, wifi. Nilidhani nakusaidia."

"Na mimi nilidhani najisaidia," nilisema. Tukaachia hapo.

Mume wangu alikuwa amekaa kwenye gunia la unga. Tanuri lilikuwa linapoa. Hakuwa amefunga aproni. Nilimweleza yote tangu jino hadi karatasi ya majibu. Nilimweleza na yale niliyomwambia yule muuguzi. Alisikiliza mpaka mwisho, akitazama miguu yake.

"Kwa hiyo si yule fundi?" aliuliza.

"Fundi yupi?"

"Yule wa mashine. Wa marashi."

Nilimtazama.

"Umeanza kuoga mara tatu," alisema. "Sabuni inanukia hadi huku kwangu. Umehama kitanda. Unafunga mizigo. Ulitaka nifikiri nini? Mimi nanuka hamira, yeye ananuka maua."

Nilikaa kwenye gunia la pili. Wiki zote zile nilidhani ni mimi tu ninayechungulia dirishani. Kumbe naye alikuwa ananichungulia mimi.

"Na yule mama?" nilisema. "Kwa nini anapata ya moto?"

"Amesimama usiku mzima anazalisha wanawake. Nimpe wa jana?"

"Na mnacheka."

Alijifuta uso kwa mkono. Unga ulibaki shavuni.

"Mwanzo yalikuwa mazungumzo ya dirishani tu, kisha nikajua ni muuguzi. Nilimuuliza, mtu anaweza kuoga mara tatu kwa siku bila sababu? Akaniambia, mlete huyo anayeoga. Kila asubuhi alinirudia hilohilo, nimlete. Na mimi nilicheka, ili asione kwamba naogopa."

"Mbona hukunileta?"

"Niliogopa jibu."

Kisha aliinuka, akaenda kwenye pipa la unga. Alizamisha mkono hadi kwenye kiwiko, akapapasa chini. Akautoa mkanda wa cherehani yangu, mweupe wote.

"Ningenunua mwingine," nilimwambia. "Duka liko hapo tu."

"Najua," alisema. "Nilitaka tu uchelewe kidogo."

Alibeba kichwa cha cherehani kutoka kwenye shuka, akakirudisha mezani, akakaza skrubu mbili. Mimi nilivalisha mkanda kwenye gurudumu. Nilipokanyaga, unga ulitimka ukatuingia puani, tukapiga chafya wote wawili.

Siku ya tatu kuwashwa kulipungua. Nilitamani kuacha, lakini niliendelea mpaka kidonge cha sita. Ngozi ilifunga. Nilitupa chupi zote za bitana, nikashona mpya za pamba, za kwangu na za wifi. Sabuni ya manukato sasa watoto wanaoshea miguu. Mume wangu alikwenda kituoni naye. Alikutwa na harara za jasho kiunoni, pale kamba ya aproni inapobana. Aliambiwa ailegeze, akauke vizuri, abadilishe fulana ikilowa. Kamba nimeishona upya mimi, pana na laini. Hajikuni tena.

Mwezi uliofuata Mikate Miwili alirudi zamu ya usiku. Siku ya kwanza nilimwona kupitia dirisha langu, saa mbili kamili. Niliacha cherehani nikavuka uwa. Nilimwambia mume wangu apishe. Niliingia ndani mwenyewe, nikachagua mikate miwili ya moto, iliyoiva vizuri pande zote.

"Umeamkaje, dada?" aliuliza.

"Mzima kabisa," nilisema. "Pole na kazi ya usiku."

Aliegemea dirisha. Tuliongea, na tulicheka. Nilipogeuka, mume wangu alikuwa amesimama nyuma yetu na koleo la mikate mkononi, akitutazama mmoja baada ya mwingine.

"Mnachekea nini?" aliuliza.

"Muulize yeye," tulisema kwa pamoja.